Boriti Inapopinda: Kwa Nini Nondo za Roshani Hukaa Juu

Madereva wa malori wanaotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba hupita Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Kama ilivyo kwetu Mombasa na Malindi, huko nako kuna maghorofa ambayo orofa zake za juu zimetokeza mbele ya ukuta wa chini. Sehemu iliyotokeza haina nguzo. Inashikwa na boriti tu, na boriti hiyo huwa imara ikiwa nondo zake zimelazwa mahali pake.

Boriti si jambo geni kwa watu wa Pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, dari zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa miti hiyo si mirefu sana, vyumba vilijengwa virefu lakini vyembamba, upana wa karibu mita tatu.

Momenti ya kupinda

Mzigo ukikaa juu ya boriti huipinda. Kipimo cha kupinda huko huitwa momenti, nacho hupatikana kwa kuzidisha nguvu kwa umbali. Chukua boriti iliyolala juu ya kuta mbili, yenye mzigo ulioenea sawasawa wa kilonyutoni 20 kwa kila mita. Kuta zikiachana mita 3, momenti ya katikati ni kilonyutoni-mita 22.5. Zikiachana mita 6, inafika 90. Urefu umeongezeka mara mbili, momenti mara nne.

Boriti hiyo hubonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Upande wake wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo nondo kuu huwekwa chini.

Roshani ni kinyume. Huinama kama tawi la mwembe lililojaa matunda, na upande unaovutwa ni wa juu. Hapo nondo kuu lazima ziwe juu.

Nukta ya mgeuko

Mara nyingi boriti ni moja: inaanza chumbani, inapita juu ya ukuta, inatokeza nje. Chumbani inavutwa upande wa chini. Juu ya ukuta na nje inavutwa upande wa juu. Kati ya hali hizo mbili kuna mahali ambapo momenti ni sufuri na mpindo unageuka. Hiyo ndiyo nukta ya mgeuko.

Tuseme chumba kina mita 4, roshani mita 1.5, na mzigo ni sawa kote. Hesabu inaiweka nukta hiyo sentimita 56 kutoka ukutani, kwa upande wa ndani. Basi nondo za juu haziwezi kuishia ukutani. Ni lazima ziipite nukta hiyo, kisha ziendelee ndani zaidi ili zishikwe vyema na zege.

Tena nukta hiyo haitulii. Roshani ikijaa watu na chumba kikiwa kitupu, husogea ndani zaidi. Ndiyo sababu mhandisi hupiga hesabu ya hali kadhaa za mzigo, si moja.

Makosa ya kuangalia

Kosa la kwanza ni kukata nondo za juu karibu na ukuta ili kupunguza gharama. La pili hutokea siku ya kumwaga zege: vibarua huzikanyaga nondo, zikashuka hadi chini bila mtu kujua. La tatu huja baada ya miaka, mwenye nyumba anapobomoa ukuta au kuongeza nguzo. Tegemeo likibadilika, momenti na nukta ya mgeuko hubadilika pia, lakini nondo zimebaki zilipokuwa.

Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inataka wakandarasi wasajiliwe. Zaidi ya hayo, mwite mhandisi azikague nondo kabla ya zege kumwagwa, kwani baadaye hazionekani tena. Na kwa wanaoishi ghorofani: ukiona ufa juu ya sakafu ya roshani, ukienda sambamba na ukuta, waondoe watu hapo kwanza, kisha umwite mhandisi. Usiuzibe kwa saruji ukadhani umemaliza.