Dirisha jeusi la Windows na ugomvi uliolitia kasi

Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi na vyuo vingi vililazimika kuhamia Windows 11. Waliohama wamekutana na badiliko ambalo wengi hawakulitarajia. Ukifungua mahali pa kuandikia amri, haliji tena lile dirisha jeusi la miaka nenda miaka rudi. Inakuja programu yenye vichupo juu, maandishi laini na rangi za kuchagua. Inaitwa Windows Terminal, na safari yake ilikuwa ndefu.

Dirisha la zamani liliingia sokoni na Windows NT 3.1, Julai 1993. Therese Stowell, mhandisi wa kikosi cha NT, ndiye aliyeandika cmd.exe, programu inayopokea amri ndani ya dirisha hilo, na jina lake pamoja na mwaka 1990 bado vimo kwenye vichwa vya baadhi ya mafaili ya msimbo wa dirisha hilo. Ni nadra kulisikia jina hilo likitajwa, hata na watu wanaokula mkate wao kwa kazi yake. Mwaka 2006 ikaja PowerShell na lugha mpya ya amri, lakini ikakaa ndani ya dirisha lilelile.

Na dirisha lenyewe lilitelekezwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini lilikuwa na rangi 16 tu. Ukitaka kubandika maneno uliyonakili, ulibofya upau wa juu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukaenda Edit, kisha Paste. Ctrl+V ya kawaida ilisubiri hadi Windows 10 mwaka 2015. Ulipolivuta ulipanue, lilifika mahali likagoma. Kwenye Windows Vista lilipoteza hata uwezo wa kupokea faili lililoburutwa kwa kipanya, na uwezo huo ukarudi kwenye Windows 7.

Rich Turner, aliyekuwa msimamizi wa bidhaa kwenye kikosi cha Microsoft kinachoshughulikia dirisha hilo, alieleza chanzo cha mkwamo katika mfululizo wa makala mwaka 2018. Kwenye Unix, programu na terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, huzungumza kwa mkondo wa herufi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kutengeneza terminali yake na ikafanya kazi. Kwenye Windows, programu iliita moja kwa moja kazi za mfumo ili zichore kwenye dirisha la Microsoft. Waliotaka kutengeneza dirisha bora, kama wale wa ConEmu, walilazimika kufungua dirisha halisi kwa siri, kulisukuma nje kabisa ya skrini, kwenye nukta kama -32000, -32000, kisha kuchungulia kilichoandikwa humo na kukichora upya kwao. Kwangu mimi hakuna ushahidi mkubwa zaidi wa jinsi wasanidi wa nje walivyonyimwa mlango. Mlango huo, ConPTY, ulifunguliwa kwenye toleo la Windows 10 la Oktoba 2018.

Kilichoisukuma Microsoft ni Linux. Mwaka 2016 kampuni ilitangaza kwamba programu za Linux zitaendeshwa ndani ya Windows, na programu hizo zikafika na mazoea yake ya rangi na alama ambayo dirisha la zamani halikuyaweza vizuri. Kulibomoa haikuwezekana, kwa sababu maandiko ya amri na programu za zamani duniani kote zinalitegemea kama lilivyo. Ikaamuliwa ijengwe programu mpya pembeni. Ilitangazwa tarehe 6 Mei 2019 kwenye mkutano wa Build mjini Seattle, na msimbo wake ukawekwa wazi GitHub siku hiyohiyo. Toleo 1.0 lilitoka tarehe 19 Mei 2020.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Katikati ya mwaka 2021, Casey Muratori, msanidi wa michezo ya kompyuta anayejulikana kwa ukali wake juu ya programu nzito, alilalamika kwamba Windows Terminal inakokota miguu pale kila herufi inapopewa rangi yake. Alisema dawa ni rahisi. Mhandisi mmoja wa mradi akamjibu kwamba anachokiita rahisi kinaweza kuwa utafiti mzima wa shahada ya uzamivu.

Muratori hakuendelea kubishana kwa maneno. Kwa siku chache tu aliandika programu ya mfano, akaiita refterm, akaiweka hadharani pamoja na video za kuifafanua. Siri yake kuu ilikuwa hii: herufi ikishachorwa mara ya kwanza, picha yake inatunzwa kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiksi, na ikihitajika tena inachukuliwa hapohapo bila kuchorwa upya. Michezo ya kompyuta imefanya hivyo miaka mingi. Refterm ilionyesha maandishi kwa kasi iliyoiacha mbali Windows Terminal, na ilionyesha hata Kiarabu, mwandiko ambao terminali nyingi huuvuruga.

Wahandisi wa Microsoft walikuwa na hoja zao: kulinda programu za zamani na kuhudumia visomaskrini vya wasioona ni kazi ambayo mfano wa siku chache hauibebi. Hata hivyo, kwenye suala la kasi Muratori alikuwa sahihi. Februari 2022 toleo la majaribio 1.13 lilikuja na injini mpya ya kuchora maandishi, na msingi wake ni huohuo wa kutunza herufi kwenye kadi ya grafiksi. Jina la Muratori linastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa, kama la Stowell.

Oktoba 2022, Windows Terminal ikawa dirisha la kawaida kwenye Windows 11.

Wahadhiri wa kompyuta wanaotafuta mfano wa programu kubwa ya kuwafundishia vijana wasiende mbali. Msimbo wa dirisha la zamani na wa Windows Terminal uko wazi kwa leseni ya MIT. Wapeni wanafunzi wausome, na anayeona kasoro apeleke marekebisho yake.