Mtoto Akililia Wembe

Msemo wetu wa kale wasema: mtoto akililia wembe, mpe. Aghalabu hutamkwa na mzazi aliyechoka kuonya, na ndani yake mna uchungu kidogo na kejeli kidogo. Damu, husemwa, itamfunza mtoto yale ambayo maneno yameshindwa kumfunza. Nimeuwaza msemo huu kwa wiki kadhaa, kwani mwanangu, aliyetimiza miaka tisa, ameniomba kimoja kati ya visu vyangu vya kukunja, na mama yake alinitupia maneno hayohayo kabla sijafungua kinywa.

Visu hivyo nimevikusanya kwa miaka mingi, na vyote ni vya bei nafuu. Sharti langu ni moja tu: sinunui kisu nitakachoogopa kumenyea chungwa. Wakusanyaji wenye fedha hutafuta mipini ya pembe na bapa zenye nakshi. Mimi hutafuta kisu alichotengenezewa mchungaji, mkulima au mwanafunzi, kisu ambacho mwenyewe hakudhani kwamba siku moja mtu angekiweka sandukuni.

Kisu kidogo na maandishi ni ndugu wa tangu zamani. Waingereza wanakiita kwa jina linaloambatanisha kalamu na kisu, kwa kuwa kazi yake ya awali ilikuwa kuchonga unyoya wa bata bukini uandikie. Kwetu pia, neno kalamu, tulilolipata kwa Waarabu, lina tete ndani yake, na tete lisilochongwa haliandiki. Mtunzi wa utenzi huagiza karatasi, wino na kalamu katika beti za mwanzo. Kisu kilichoichonga kalamu hubaki nyuma ya pazia. Labda kimelipiza kisasi kwa njia nyingine. Kijembe, ambacho kwa umbo la neno ni jembe dogo tu, kilikuwa chuma chembamba chenye makali. Leo wengi wanakijua kama neno la fumbo linalomchoma mtu mbele ya watu.

Katika sanduku langu, kisu kinachojulikana zaidi ni Opinel. Joseph Opinel, mwana wa mhunzi wa zana katika milima ya Savoie, Ufaransa, alikibuni mwaka 1890, na kufikia 1897 kilikuwa na saizi 12 zenye namba. Mpini ni wa mti, bapa ni moja, na pete inayolizuia bapa lisimfungie mtu vidoleni iliongezwa mwaka 1955. Kwenye bapa umechorwa mkono ulioinua vidole, wenye taji juu yake: vidole ni vya Yohana Mbatizaji, ambavyo mji wa Saint-Jean-de-Maurienne huvihifadhi kama masalia matakatifu, na taji ni la utawala wa Savoie. Ni mengi mno kwa kisu cha kukatia jibini, lakini wahunzi hawajawahi kuona haya kujisifu.

Ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, chatoka Japani, nacho huitwa higonokami. Tafsiri yake ni kama “bwana wa Higo”, cheo cha mtawala wa jimbo ambalo leo ni Kumamoto. Kilizaliwa katika miaka ya 1890 mjini Miki, mji wa wahunzi katika mkoa wa Hyogo. Miaka michache nyuma, mwaka 1876, serikali ilikuwa imepiga marufuku samurai kutembea na panga kiunoni. Basi fikiria, msomaji, taifa lililomvua shujaa upanga wake, kisha cheo cha mabwana kikaishia kwenye kisu cha mfukoni cha mtoto wa shule.

Umbile lake ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mpini ni bati lililokunjwa, aghalabu la shaba ya manjano. Bapa limeshikiliwa na ribiti moja. Hakuna springi wala kufuli. Nyuma ya bapa umechomoza mkia mdogo. Unausukuma kwa kidole gumba, kisu kinafunguka, na wakati wa kukata unaendelea kuukandamiza ili bapa lisirudi. Yaani usalama wa kisu haumo ndani ya kisu, umo katika mkono unaokishika. Kila mtoto wa Japani aliyekuwa nacho alilijua jambo hilo kwa gumba lake. Kwa kisu hicho alichonga penseli, alichonga mianzi, alitengeneza vitu vya kuchezea.

Kisha ikafika tarehe 12 Oktoba 1960. Inejiro Asanuma, mwenyekiti wa Chama cha Kisoshalisti, alikuwa akihutubia katika ukumbi wa Hibiya jijini Tokyo, kijana wa miaka 17 alipopanda jukwaani na kumchoma hadi kufa mbele ya kamera. Silaha ilikuwa upanga mfupi. Haikuwa higonokami. Lakini hofu haichagui ukubwa wa chuma: kampeni ya kuwaondolea watoto visu ilienea nchini, mashine za kuchongea penseli zikaingia madarasani, na wahunzi wa Miki wakafunga karakana mmoja baada ya mwingine. Leo imesalia karakana moja tu yenye haki ya kulitumia jina hilo, ya ukoo wa Nagao.

Siwalaumu waliofanya kampeni ile. Mtu aliyeona mauaji yale ana haki ya kutetemeka. Ila naona kwamba walichowanyang'anya watoto ni mafunzo pamoja na chuma. Ipo shule ya msingi katika mkoa wa Nagano ambako wanafunzi bado hupewa higonokami na kuchongea penseli zao wenyewe. Hapo mtoto hakulilia wembe. Amepewa, na mwalimu amesimama kando yake. Msemo wetu haukusema lolote kuhusu nani asimame kando.

Niliyasema hayo kwa mke wangu. Akaniuliza kama nitasimama kando kila siku, au siku ya kwanza tu. Swali hilo lilikuwa kijembe, na kilinipata barabara.

Basi kisu kinakaa mfukoni mwangu, hakikai kwake. Kila jioni baada ya chakula tunaketi barazani, ninamkabidhi, naye anachonga penseli mbili za kesho. Ni higonokami kuukuu, bapa lake limenolewa hadi limebaki nusu ya upana wake, na maji ya machungwa yamelitia rangi ya samawati iliyokolea. Jana risasi ya penseli ilimkatikia mara tatu. Alinitazama, nikanyamaza, akageuza penseli akaanza upya.