Karatasi ya Kila Kitu

Nchini Uganda, mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuikwepa fizikia, akaikwepa na historia, lakini General Paper haikwepeki. Vijana huiita GP. Mtihani huo husimamiwa na Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, lenye ofisi zake Ntinda, divisheni ya Nakawa, mashariki mwa Kampala. Ndani ya GP mna siasa, afya, mazingira, malezi, mitindo ya vijana. Mwalimu anayeahidi kuwamalizia wanafunzi silabasi yake anawadanganya.

Asili yake ni Cambridge. Zama za ukoloni mitihani mikuu ya shule za Afrika Mashariki ilitoka Uingereza, na majibu yakarudi huko huko kusahihishwa. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda baraza lao la pamoja. Ushirika haukudumu. Tanzania ilijitoa 1971, na miaka miwili baadaye ikaanzisha NECTA. Kenya ikaunda baraza lake 1980. UNEB ikapata sheria yake 1983.

Waliogawana urithi hawakuutunza sawasawa. Tanzania iliendelea na General Studies, GS kwa wanafunzi wake. Kenya iliingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na kidato cha sita kilipofutwa, mtihani wa aina hii ukazikwa nacho. Uganda ilibaki na vyote viwili, kidato na karatasi.

Karatasi yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni insha. Ya pili humpa mtahiniwa uchaguzi: apambane na takwimu na mantiki, au asome kifungu cha habari na kujibu maswali. Kwenye kifungu ndipo wengi hujikwaa, maana huulizwa maneno na mafungu ya maneno yana maana gani kama yalivyotumika pale. Aliyekariri kamusi nzima hajaokoka. Na malipo ya jasho lote hilo? Tangu utaratibu wa pointi ulipobadilishwa 2013, alama ya juu kabisa katika somo kuu moja huleta pointi 6, na jumla ya juu ni 20. GP huleta 1. Si ajabu wengi huikumbuka mtihani ukiwa mlangoni.

Wanaofaulu mara nyingi ni wale ambao maarifa yao hayakutoka darasani. Chukua suala la UKIMWI. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alijitangaza hadharani kuwa ameambukizwa, akazunguka shuleni na makanisani nchini Uganda akizungumza na watu, na Desemba mwaka huo huo akafariki. Wimbo wake Alone and Frightened uliwafikia wengi ambao hawakuwahi kukanyaga maktaba. Mwaka 1993 likafuata Straight Talk, gazeti la vijana lililosambazwa ndani ya gazeti la New Vision, likijibu waziwazi maswali ya balehe na mapenzi ambayo wazazi wengi waliona haya kuyagusa. Kwa mwandishi wa insha ya GP, hayo yalikuwa na faida kuliko madaftari ya kukaririshwa.

Jirani na Ntinda, zilipo ofisi za UNEB, kuna kilima cha Kyambogo. Chuo cha ualimu kilihamia hapo 1954, na mwaka 2003 kikaunganishwa na vyuo vingine viwili kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, kilichoanzishwa 1973, kipo huko pia. Anayefunza walimu, anayeandika mtaala na anayetunga mtihani wanaweza kutembeleana kwa miguu, jambo ambalo mwalimu wa Karamoja ya mbali ana haki ya kulionea wivu.

Kyambogo ndiko ulikotoka mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kufundishwa 2020 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Katiba ilikwishakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. GP, hata hivyo, bado inaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza.