Ukiondoa Chakula, Kinabaki Nini?

Sisi tunaosema Kiswahili tuna utajiri mmoja ambao hatuutangazi. Ukiwa shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishaiva chunguni ni wali. Mwingereza ana neno moja tu kwa vyote vitatu, awe shambani, dukani au mezani. Lakini nenda China, ndugu msomaji, utajikuta uko nyumbani. Kule mpunga ni dao, mchele ni mi, na wali ni fan. Leo nataka tukae na huyo fan, maana historia yake ni ndefu, na ndani yake kuna njaa, kazi na siasa.

Fan huandikwa 飯. Serikali ya China ilipoanza kurahisisha maandishi mwaka 1956, herufi hii nayo ilipunguzwa, ikawa 饭, yenye mistari 7 badala ya 12. Taiwan na Hong Kong wamebaki na ile ya zamani. Tukumbuke kwamba maandishi haya hayana a, be, che. Kila herufi hubeba silabi moja, na mara nyingi neno zima.

Tuipasue katikati. Upande wa kushoto ni 食, maana yake chakula, au kula. Herufi hiyo ni kongwe kwelikweli. Imechongwa kwenye mifupa ya kupigia ramli iliyofukuliwa Anyang, kaskazini ya China, mifupa yenye zaidi ya miaka 3,000. Pale inaonekana kama chombo cha chakula chenye kitako, na juu yake kuna kitu kama kifuniko. Wataalamu wengine wanasema kile si kifuniko, ni mdomo ulioinamia chakula.

Chombo hichohicho kinarudi katika herufi nyingine za mifupa ile. Mtu amepiga magoti mbele yake: maana yake kukaribia. Mtu amekipa kisogo, ameshiba: maana yake jambo limekwisha. Watu wawili wanatazamana, chombo kiko katikati yao: hiyo ni karamu. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye wali, watu hawa walikuwa wakitumia sahani kuelezea mambo ya dunia.

Sasa upande wa kulia. Hapo kuna 反, nayo pia husomwa fan, ila kwa mdundo mwingine wa sauti. Maana yake ni kugeuza, kupinga, kuasi. Ala! Chakula na uasi ndani ya herufi moja? Mtu anayependa fumbo atarukia hapohapo: “Umeona? Ondoa chakula, kinachobaki ni uasi. Wahenga wa Kichina walijua!”

Tamu hiyo, lakini siyo. Mnamo mwaka 100 msomi mmoja aitwaye Xu Shen alikamilisha kamusi yake, Shuowen Jiezi, iliyochambua herufi 9,353. Kuhusu fan alieleza kwamba upande wa kushoto unatoa maana na upande wa kulia unatoa sauti. Basi. Ule uasi umeazimwa kwa ajili ya mlio wake tu, na herufi nyingi sana za Kichina zimeundwa kwa mtindo huu. Chukua 反 uibandike kwenye mti, unapata 板, ubao. Ibandike kwenye alama ya mali, unapata 販, kuchuuza. Sasa je, ubao ni mti ulioasi? Na machinga wa Kichina ni mwasi wa mali? La hasha. Ni sauti tu.

Kuna jambo jingine katika kamusi ya Xu Shen. Maana anayoitoa kwanza si wali, ni kitendo cha kula. Hata katika kitabu cha mazungumzo ya Confucius, kilichotangulia kamusi hiyo kwa karne kadhaa, fan inatumika mahali pengine kama kitenzi. Baadaye ndipo neno likahama kutoka kwenye kula likakaa kwenye kile kinacholiwa, yaani nafaka iliyopikwa. Na hiyo nafaka, kwa watu wa kaskazini, haikuwa mchele. Ilikuwa nafaka ndogondogo za jamii ya uwele. Mpunga ulikuwa umelimwa kwa maelfu ya miaka, lakini kusini, kwenye bonde la mto Yangtze. Mwaka 1012, ukame ulipobana, mfalme Zhenzong wa enzi ya Song aliagiza mbegu ya mpunga wa Champa igawiwe kwa wakulima wa Yangtze na Huai. Champa ni sehemu iliyo leo katikati ya Vietnam, na mpunga wake ulikuwa unawahi kuiva na kuvumilia ukame. Mbegu ya namna hiyo ilisaidia mchele kukaa kwenye vyungu vingi zaidi.

Nafaka ikabadilika, neno likabaki. Mpaka leo mtu wa kaskazini anaweza kula tambi za ngano au mkate wa mvuke, akifuta mdomo atakwambia “amekula fan”. Chakula cha asubuhi ni fan ya mapema, cha jioni ni fan ya usiku. Hoteli kubwa huitwa duka la fan. Kuombaomba barabarani ni kuomba fan. Jambo likishatokea na halirudi nyuma, Wachina husema mchele mbichi umeshapikwa ukawa wali. Mtafsiri wa Kiingereza hapo atatokwa jasho. Wewe na mimi hatuna haja hata ya kufikiri.

Tumeona kwamba uasi katika herufi hii ni sauti tupu. Lakini historia ina ukaidi wake. Tuende Fengyang, wilaya moja ya mkoa wa Anhui. Huko ndiko alikotoka kijana fukara aitwaye Zhu Yuanzhang. Mwaka 1344 ukame, nzige na maradhi viliua wazazi wake. Akakimbilia kwenye hekalu la Wabudha, hekalu nalo halikuwa na chakula, akatumwa kuzunguka na bakuli akiomba. Akaomba fan kwa miaka. Kisha akajiunga na waasi, na mwaka 1368 akakaa kwenye kiti cha enzi, mfalme wa kwanza wa enzi ya Ming. Karne karibu tatu baadaye, mkoa wa Shaanxi ulipigwa na njaa, na kutoka hukohuko akatokea mwasi Li Zicheng. Mwaka 1644 aliingia Beijing, na enzi ya Ming ikaanguka. Iliingia kwa njaa, ikatoka kwa njaa.

Turudi Fengyang, safari hii karne ya 20. Mwaka 1958 vijiji vya China viliingizwa kwenye kambi kubwa za ujamaa, na watu wakaanza kula pamoja kwenye mabwalo ya umma, bure. Kati ya 1959 na 1961 ikaja njaa iliyoua mamilioni. Makadirio mengi yanaanzia milioni 15 na kuvuka 30, na Anhui ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Fengyang, wakulima 18 walikutana kwa siri wakagawana mashamba, kila kaya ilime sehemu yake. Wakaweka alama za vidole. Wakakubaliana kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watawalea watoto wao mpaka wafikishe miaka 18. Jamani, watu wanaapa kiapo cha kufa ili walime! Mavuno ya mwaka uliofuata yakapanda mno, na serikali, badala ya kuwafunga, ikaja kuufanya mtindo wao mfano kwa nchi nzima. Ule mtindo wa zamani, wa aliyefanya na asiyefanya kupata sawa, ukabatizwa jina la dharau: wali wa sufuria kubwa.

Mjini nako fan ilikuwa na kazi nyingine. Ajira ya kiwanda cha serikali, yenye mshahara, nyumba, matibabu na pensheni, iliitwa bakuli la chuma la wali. Chuma, maana halivunjiki hata likianguka. Lakini lilivunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya serikali vilifanyiwa marekebisho, na wafanyakazi kwa mamilioni wakapelekwa nyumbani. Neno rasmi la hali hiyo lilikuwa la upole, kama vile askari kushuka lindoni. Mtaani walisema bakuli limevunjwa. Miaka ileile, huku Tanzania, mashirika ya umma yalikuwa yakibinafsishwa. Neno rasmi lilikuwa “kupunguzwa”. Mtaani je? “Jamaa kamwaga unga.” Wao bakuli, sisi unga. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Tumbo ndilo lililowafundisha wote.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu mnaoshika kalamu: asili ya neno ni jambo zuri kulijua, lakini msiwe watumwa wake. Uasi haukuwekwa ndani ya 飯 na mtu aliyeiunda herufi. Uliingizwa na bakuli la Zhu Yuanzhang na vidole vya wakulima wa Xiaogang. Mwandishi akitaka kujua maana ya neno, kamusi afungue, sawa, lakini aulize pia ni nani alilala njaa neno hilo likiwa mdomoni.

Na herufi yenyewe haijatulia. Vijana wa China wa leo wana neno fanquan, wakimaanisha makundi ya mashabiki wa waimbaji na waigizaji, makundi yenye kelele kiasi kwamba mwaka 2021 serikali iliendesha kampeni ya kuyadhibiti. Quan ni duara. Na fan? Ni ile ya Kiingereza, shabiki, ila wameiandika kwa herufi ya wali, 饭, kwa kuwa mlio unafanana. Zamani chakula kilimwazima uasi sauti yake. Sasa hivi shabiki naye amekuja kuazima kwa chakula, na hakuna anayejua atakirudisha lini.