Jicho lina kazi mbili

Leo historia kidogo, ila ni historia ya usingizi.

Henry Wanyoike, mkimbiaji wa Kenya, alipata kiharusi mwaka 1995. Alilala anaona, akaamka karibu gizani. Mwaka 2000 huyo akapanda ndege hadi Sydney kwenye Paralimpiki, akachukua dhahabu ya mita 5,000. Mwongozaji wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, ikabidi asiyeona amvute anayeona! Lakini mimi kinachonisumbua ni kingine: Sydney wakati ule ilikuwa mbele ya Nairobi kwa saa 8. Mtu anayeona akifika huko, mwili unabaki na saa za nyumbani siku kadhaa, halafu mwanga wa jua unaurekebisha. Asiyeona je?

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliandika juu ya mtu asiyeona ambaye siku ya mwili wake ilikuwa saa 24.9, ingawa aliishi kwa ratiba kama ya wengine. Yaani kila siku anachelewa dakika 54. Baada ya wiki mbili hivi mwili unataka kulala mchana, baada ya nyingine mbili umerudi sawa, kisha unaanza upya. Uchovu wa ndege bila ndege, jamani.

Ila si wote. Mwaka ule ule wa 1995, Czeisler na wenzake wa Boston waliwamulika watu 11 wasioona, na kwa 3 kati yao mwanga ulishusha homoni ya usingizi, ingawa hawakuuona. Mwaka 2002 zikaelezwa seli za ndani ya jicho zinazopima mwanga na kuupelekea ubongo habari za saa. Kwa hiyo jicho lisiloona linaweza kuwa bado kazini, na daktari anayetaka kuling'oa afikirie mara mbili.

Huku kwetu Nassa jua huchomoza karibu saa moja mwaka mzima, na saa zenyewe tunahesabu kutokana nalo. Mtoto asiyepata kabisa mwanga huo akisinzia darasani, sisi walimu watarajiwa tutamwita mvivu. Wiki ijayo yuko macho, tutasema viboko vimesaidia!

Mwaka 2000, ule wa Sydney, Sack na wenzake wa Oregon waliwapa watu 7 wasioona kabisa homoni hiyo kila usiku kabla ya kulala. Saa za 6 kati yao zikatulia.