Jembe la Mkono na Mashine ya Kulimia Katika Nchi Yetu

Katika kitabu hiki cha Yubile wenzangu wameandika habari za Maaskofu, za mapadre, za masista na za makanisa yaliyojengwa. Nami nimeona vema kuandika habari za shamba. Maana Wakristo wa nchi hii tangu mwanzo ni wakulima, na sadaka iletwayo altareni, hata ikiwa ni fedha, kwa wengi wetu imetoka kwanza katika udongo. Basi nitaeleza jinsi mashine ya kulimia ilivyotokea duniani, jinsi ilivyoletwa Urambo kwa kishindo kikubwa, na kwa nini kazi yake ilianguka. Si habari ya kuchekesha, wala si ya kulaumu tu. Ni habari ya kujifunza, kwa kuwa siku hizi tena vijana wetu wanatamani mashine, na haifai kuzitamani bila kujua yaliyopita.

JEMBE LILIPITA NJIA YA MISAFARA

Sisi tukaao Isevya na mitaa mingine ya Tabora twakaa juu ya njia ya kale. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Kutoka hapa tawi moja lilikwenda Ujiji, na tawi jingine lilielekea kaskazini mpaka Buganda. Kwa njia hiyo Burton na Speke walifika Tabora mwezi wa Novemba 1857. Kwa njia hiyo, mwaka 1878, walikuja Wamisionari wa Afrika waliotumwa na Lavigerie. Mmoja wao, Padre Pascal, alifariki dunia njiani kabla ya kufika kwetu. Watu wakumbukapo njia hiyo hutaja pembe za ndovu, na hutaja watumwa, nao msiba huo haufai kusahauliwa. Lakini palikuwa na bidhaa nyingine isiyotajwa sana, nayo ni jembe.

Wahunzi wa nchi za kaskazini na magharibi walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, na majembe hayo yakaletwa soko la Tabora. Walioandika habari za mwisho wa karne ya 19 wataja majembe 150,000 kwa mwaka mmoja. Jembe lilikuwa chombo, tena lilikuwa mali: kwalo mtu alilipa mahari, kwalo alinunua chakula safarini. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejulikana mpaka pwani kwa nguvu za mabega yake, aliporudi kwao kabla ya mvua, alishika jembe hilo akalima.

Akalima namna gani? Alilima matuta. Alifukia majani na nyasi ndani ya udongo, yakaoza, yakawa chakula cha mimea. Na tuta likayazuia maji ya mvua yasikimbie. Hakutumia plau la kukokotwa na ng'ombe, na sehemu nyingi za nchi asingeweza, kwa kuwa mbung'o waliwaua ng'ombe. Magonjwa nayo yaliondoa watu katika mapori ya magharibi: miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwahamisha wengi kwa ajili ya malale, ikawakusanya pamoja ili vichaka vifyekwe na wadudu wapungue. Hivyo mgeni aliyepita baadaye aliona pori kubwa lisilo na mtu, akadhani ni nchi isiyo na historia.

MASHINE ILIVYOZALIWA

Huko Uingereza, katikati ya karne ya 19, John Fowler alifanya plau la nguvu za mvuke. Lakini injini ya mvuke ni nzito mno. Ikiingia shambani huzama au hukandamiza udongo. Kwa hiyo katika ufundi ule injini mbili zilisimama kingoni mwa shamba, moja huku na moja huko, zikavutiana plau kwa kamba ya chuma.

Baadaye ikaja injini ndogo iunguzayo mafuta ndani yake. Mwaka 1892, huko Iowa katika Marekani, John Froelich aliunda gari la petroli lililoweza kwenda mbele na kurudi nyuma. Ndilo babu wa matrekta. Mwaka 1904 Benjamin Holt wa California, alipoona magurudumu yakizama katika udongo laini, aliyaondoa akaweka minyororo mipana, gari likatambaa kama jongoo. Mwaka 1912 kijana wa Australia, Arthur Clifford Howard, alijaribu jambo jingine: badala ya kuvuta plau, injini izungushe majembe madogo yakatekate udongo. Na mwaka 1917 Henry Ford alianza kutengeneza trekta la Fordson kwa wingi na kwa bei nafuu, hata mkulima wa kawaida wa Marekani akaweza kulinunua.

Angalieni jambo moja. Kila mmoja wa mafundi hao alianza na tatizo la udongo aliouona kwa macho yake. Holt aliona magurudumu yake yakizama. Howard alifanya majaribio katika shamba la baba yake. Mashine ilitoka katika shamba, haikuanza katika karatasi. Yaliyofuata katika nchi yetu yalikwenda kinyume.

MPANGO WA KARANGA

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Serikali ikatuma watu watatu, mkuu wao John Wakefield, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Kwa muda usiozidi miezi mitatu walizunguka nchi, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na hesabu kubwa: eka 3,210,000 zilimwe, katika mashamba 107, kila moja eka 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaukubali mpango huo, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa katika nchi ya Wagogo. Mahali pengine palipochaguliwa ni Nachingwea upande wa kusini, na Urambo upande wetu.

Matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha, maana dunia nzima iliyataka. Wakanunua yaliyotumika, mengi yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman vilipelekwa kwa kiwanda cha Vickers vigeuzwe matrekta, vikaitwa Shervick. Msomaji wa nabii Isaya atakumbuka maneno yake juu ya silaha kugeuzwa vyombo vya kulimia. Lakini kugeuza chuma peke yake hakutoshi: magari hayo hayakuifaa kazi ngumu ya pori.

Kongwa, matingatinga mawili yalifungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli katikati, yakaenda sambamba yakiangusha miti. Miti ikaanguka, lakini mizizi ikabaki ardhini ikavunja majembe ya plau. Kabla ya mwisho wa mwaka 1947 sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamelala, vipuri hakuna, mafundi wachache. Mwaka ule walikusudia kulima eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000.

Kisha udongo ukanena. Karanga huchanua juu na kuzaa chini. Kila mama wa Unyamwezi anajua kwamba zing'olewe kabla udongo haujakaza. Udongo wa Kongwa, mvua zilipokatika, ulikauka kama tofali la kuchoma, na mashine za kuvunia hazikuweza kuzitoa karanga ndani yake. Mchanga wake mkali ulikula vyuma vya plau. Na mvua za Ugogo, kama Wagogo wajuavyo tangu mababu, hazina ahadi. Miaka miwili ya kwanza yote ilileta tani 2,000 tu za karanga.

URAMBO

Urambo ni umbali wa kilometa tisini hivi kutoka Tabora, kwa upande wa magharibi. Ndiko alikotawala Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilipita huko, na kwa reli hiyo yakaja matrekta. Mwaka 1948 ngurumo zao zilikuwa zikisikika katika pori la miombo. Hapa mvua ni nyingi kuliko Kongwa, na miombo huanguka kwa urahisi kuliko vichaka vya Ugogo. Hata hivyo udongo wa kichanga una rutuba kidogo, na magonjwa ya karanga hayaogopi mashine.

Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule umekwisha. Hasara iliyofutwa vitabuni ilizidi pauni milioni 36, yaani zaidi ya gharama yote iliyokadiriwa mwanzo.

Je, ilikuwa bure kabisa? La. Maelfu ya Waafrika walijifunza udereva na ufundi. Watu ambao baba zao walibeba mizigo kwa kichwa waliweza kufungua injini na kuifunga tena. Urambo haukurudi kuwa pori. Katikati ya miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilishika mashamba yaliyobaki, wakulima Waafrika wakapewa vishamba, na tumbaku ikachukua mahali pa karanga. Tumbaku ikajenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini tumbaku hukaushwa kwa moto, na moto hula kuni. Miombo mingi iliyosalimika na matingatinga ilikuja kuanguka kwa shoka, kidogo kidogo, bila kelele yoyote. Hiyo nayo ni hasara, ingawa haikuandikwa katika vitabu vya hesabu.

KWA NINI ILIANGUKA

Wengine husema mashine ndiyo mbaya. Sivyo. Chombo hakina dhambi. Wengine husema Waafrika hawakuwa tayari. Sivyo pia, kwa maana hawakuulizwa. Mgogo angaliulizwa juu ya mvua, angalijibu. Mnyamwezi angaliulizwa kwa nini analima matuta, angaleleza. Wenyeji walionwa kuwa mikono ya kufanya kazi, hawakuonwa kuwa watu wenye elimu ya nchi yao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulima eka elfu kabla ya kujaribu eka moja.

Kosa hili si la Wazungu peke yao. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali yetu wenyewe ilianzisha vijiji vya makazi mapya vyenye matrekta; mwaka 1966 ikaviacha, kwa sababu gharama ilikuwa kubwa kuliko mavuno. Mwaka 2009 ulipotangazwa mwito wa Kilimo Kwanza, zililetwa pawatila nyingi, zile mashine ndogo ambazo mtu hutembea nyuma yake. Majembe yake yazungukayo ni wazo lilelile alilolijaribu Howard. Katika mbuga zenye maji, palimwapo mpunga, zimesaidia watu wengi. Katika udongo mkavu uliokaza, au penye visiki, huruka-ruka na kuchoka upesi. Mashine ni ileile. Udongo ndio uliobadilika.

NENO KWA WAKATI HUU

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara: ni lazima kwanza akae chini, apige hesabu ya gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza. Basi jumuiya yoyote inayotaka kununua mashine kwa shirika na ikae chini kwanza. Ijiulize: udongo wetu ni wa namna gani, nasi tumeujaribu? Visiki vimetoka? Dizeli itanunuliwa kwa fedha gani kabla ya mavuno? Vipuri viko Tabora au viko mbali? Nani fundi? Nani mwenye ufunguo, na daftari ya hesabu iko kwa nani?

Tena kuna swali moja lisahauliwalo na wengi. Mashine hulima, lakini haipalilii. Aliyelima eka mbili kwa jembe hupalilia mbili. Aliyelimiwa eka kumi kwa trekta atapalilia kumi kwa mikono ya nani? Mara nyingi ni mikono ya mke wake na watoto wake, na watoto hao walipasa kuwa shuleni na katika mafundisho. Kabla mwanamume hajajisifu kwa ukubwa wa shamba, na ahesabu migongo itakayoinama ndani yake.

Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili alizipewa pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha ardhini pia. Ainame aushike udongo, aunuse, awaulize wazee waliolima hapo, ndipo awashe injini. Mwenyezi Mungu azibariki Yubile yetu na mvua zetu, na wote wafanyao kazi shambani, wawe na jembe la mkono au na mashine.