Ford Escort RS1600 na RS1800

Ford Escort RS1600 na RS1800 ni magari mawili ya michezo yaliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1970. Sifa zao hapa Afrika Mashariki zinatokana na Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

RS1600 ilitoka mwaka 1970, na nyingi ziliundwa kwenye kiwanda kidogo cha Aveley, Essex. Bodi ni ya Escort ya kawaida iliyoimarishwa. Thamani iko kwenye injini ya Cosworth BDA, yenye vali 16 na nguvu za farasi zipatazo 120. Gari ni jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na springi zake za nyuma ni za majani, kitu ambacho fundi yeyote wa Kahama au Masumbwe anakifahamu. Mwaka 1972, katika Safari Rally iliyoanzia Dar es Salaam, dereva Hannu Mikkola na msoma ramani wake Gunnar Palm walishinda na RS1600. Kabla yao hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda Safari. Mkenya Vic Preston Junior alishika nafasi ya tatu, naye akiendesha Escort.

RS1800 ilifuata mwaka 1975, ikiwa na bodi mpya yenye kona kali na injini ya sentimita za ujazo 1,835. Zile za mashindano zilipanuliwa hadi karibu lita 2. Dereva Björn Waldegård na msoma ramani wake Hans Thorszelius walishinda nayo Safari ya mwaka 1977, mwaka wa mvua na matope mazito. Anayejua udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga wakati wa masika ataelewa ukubwa wa ushindi huo. Waldegård alirudi na Escort mwaka 2007, akiwa na mwanawe Mathias, akashinda Safari ya magari ya zamani.

Kwa mkusanyaji wa magari haya, hatari kubwa ni magari ya kuunga. Escort Mexico ilitumia bodi iliyoimarishwa kama ya RS1600, hivyo ni rahisi kuitia injini nyingine na kuiuza kwa jina lisilo lake. RS1800 halisi za barabarani ni chache mno, na huigwa sana. Kagua namba ya chesisi na kadi ya awali ya gari kabla hujasikiliza bei. Rangi nzuri na stika za mashindano hazithibitishi chochote. Injini nayo ina hatari yake: mkanda wa taimingi wa BDA ukikatika, vali zinaweza kugonga pistoni, na vipuri vyake huagizwa kutoka nje.

Anayetaka kushindana leo achague RS1800, kwani injini yake inaweza kupanuliwa hadi karibu lita 2. Anayetaka historia yetu anunue RS1600.